Meseji milioni 14 na macho ya mtu mmoja

Chukua ofisi ya watu 200. Kila mmoja anaandika meseji 40 kwa siku ya kazi, kuanzia "nimefika" ya asubuhi hadi lile ombi la saa kumi na moja jioni ambalo kila mtu anajifanya hajaliona. Siku za kazi kwa mwaka ni kama 250. Zidisha: meseji milioni 2 kwa mwaka, na kwa miaka saba milioni 14. Namba hizi ni za kukadiria. Weka za ofisini kwako kama unazo. Mwelekeo wa hesabu hautabadilika.

Sasa mhasibu anataka kujua nani aliahidi kwamba msambazaji wa karatasi angelipwa mwezi Machi. Jibu limo humo ndani. Kulitoa kunagharimu kiasi gani, na gharama hiyo inakaa wapi?

Tuanze na diski, maana ndiyo watu huiogopa kwanza bila sababu. Meseji ya wastani tuipe herufi 80. Kiswahili kina bahati hapa: herufi zake zote ni zile za kawaida za kibodi, kila moja inachukua baiti moja tu. Milioni 14 mara 80 ni gigabaiti 1.12. Ukiongeza nani aliandika, lini, na katika chaneli ipi, mstari mmoja wa jedwali unafika kama baiti 150, na jedwali zima gigabaiti 2.1. Miaka saba ya maneno ya watu 200 inaingia kwenye flashi ndogo kabisa na nafasi inabaki.

Nakala mbichi ni nene zaidi. Ukiomba data yako kutoka Slack, programu ya meseji za kazini, kwa mfano, unapewa folda moja kwa kila chaneli, na ndani yake faili moja la JSON kwa kila siku. Humo kila meseji imefungashwa pamoja na vitambulisho na taarifa nyingine ambazo mhasibu hana haja nazo. Tuseme kila meseji imenenepa hadi kilobaiti 1. Hizo ni gigabaiti 14. Kuzihifadhi S3 ya Amazon, kwa bei yake ya kawaida ya dola 0.023 kwa gigabaiti kwa mwezi, ni senti 32 za Marekani kwa mwezi.

Linganisha na ankara ya programu yenyewe. Bei ya daraja la Pro la Slack, iliyopandishwa Septemba 2022, ni dola 7.25 kwa mtu kwa mwezi ukilipia mwaka mzima. Watu 200 kwa miezi 12 ni dola 17,400. Mwezi huohuo daraja la bure nalo lilibadilishwa: badala ya kuona meseji 10,000 za mwisho, ukawa unaona siku 90 za mwisho, na kuanzia Agosti 2024 data iliyopita mwaka mmoja katika daraja hilo hufutwa. Kwa ofisi yetu ya meseji 8,000 kwa siku, kikomo cha zamani kingejaa kabla wafanyakazi hawajanywa chai ya saa nne ya siku ya pili. Zile dola 17,400 hazinunui diski, bila shaka. Zinanunua programu ya simu, seva isiyolala, ulinzi, na kisanduku cha kutafutia. Makala haya yanahusu hicho kisanduku tu, na kile unachoweza kufanya kikikwama.

SQL ni lugha ya kuuliza hifadhidata maswali, iliyoanzia kwa watafiti wa IBM huko San Jose mwaka 1974, na bado ndiyo inayobeba mzigo. Slack wenyewe meseji zao zinakaa kwenye hifadhidata ya MySQL. Mwaka 2020 walieleza kwamba mfumo wao hupokea maswali milioni 2.3 kwa sekunde saa za msongamano, na nusu ya maswali hayo hujibiwa ndani ya milisekunde 2. Ofisi ya watu 200 haihitaji hata robo ya chembe ya hayo. Inahitaji SQLite, hifadhidata ya bure inayokaa ndani ya faili moja, na kompyuta mpakato yoyote inayowaka.

Kazi ya kwanza ni kuzimimina zile JSON ndani ya jedwali, na hapa kuna mtego ambao nimeona watu wakiuangukia kisha wakaituhumu SQLite kuwa ni ya polepole. Nyaraka za SQLite zinasema kompyuta ya kawaida huingiza mistari 50,000 au zaidi kwa sekunde, ila miamala michache tu kwa sekunde, kama 60 kwenye diski ya kuzunguka. Tofauti ni kwamba kila muamala husubiri diski ithibitishe kwamba data imeandikwa kweli. Ukiiingiza mistari milioni 14 ndani ya muamala mmoja, ni sekunde 280, hazifiki dakika tano. Ukiacha kila mstari uwe muamala wake, ni sekunde 233,000, yaani siku mbili na saa kumi na sita na ushee. Kinachotenganisha hizo mbili ni maneno BEGIN na COMMIT, yanayofungua na kufunga muamala.

Meseji zikishaingia, swali la kijinga kuliko yote ni hili: soma kila mstari, mwanzo hadi mwisho, uniambie wenye neno fulani. Katika SQL huandikwa LIKE '%neno%'. Vitabu vingi hukukataza kwa ukali, na kwa sababu nzuri, kwa kuwa alama ya asilimia ya mwanzo huinyima hifadhidata njia yoyote ya mkato. Lakini pigeni hesabu kabla ya kuogopa. Diski ya SSD ya kawaida husoma kama megabaiti 500 kwa sekunde. Gigabaiti 2.1 ni sekunde 4. Hata diski ya zamani ya kuzunguka, kwa megabaiti 150 kwa sekunde, ni sekunde 14. Kama anayeuliza ni mhasibu mmoja, mara mbili kwa wiki, sioni kwa nini mtu ajenge kitu kingine chochote. Ukishauriwa kununua mfumo wa utafutaji kwa ajili ya meseji milioni 14, muulize mshauri anaokoa sekunde ngapi.

Mambo hugeuka kiwango kinapogeuka. Discord, programu ya gumzo, walikuwa na mabilioni ya meseji mwaka 2017 kwenye mashine 12 za hifadhidata ya Cassandra. Mwanzoni mwa 2022 zilikuwa matrilioni, kwenye mashine 177. Walipohamia hifadhidata ya ScyllaDB mashine zikapungua hadi 72, na kusoma historia ya meseji, hata katika asilimia moja iliyo polepole zaidi, kukashuka kutoka kati ya milisekunde 40 na 125 hadi 15. Chukua trilioni moja tu kwa baiti zetu 150: terabaiti 150. Ile SSD moja ingezisoma kwa sekunde 300,000, siku tatu na nusu kwa swali moja. Hapo LIKE haina pa kusimama.

Kati ya ofisi ndogo na Discord kuna huduma zinazokukodisha mashine za watu wengine kwa kila swali. BigQuery ya Google hutoza dola 6.25 kwa kila tebibaiti inayosomwa, na ya kwanza kila mwezi ni bure. Kwa kuwa husoma safuwima unazozitaja tu, swali letu juu ya maandishi peke yake hugusa gigabaiti 1.12, ambayo ni chini ya senti moja. Kabla ya kuanza kulipa, mhasibu ana maswali kama 980 ya bure kila mwezi. Swali hilohilo juu ya trilioni moja ya meseji lingesoma terabaiti 80 na kugharimu kama dola 455, kila ukibonyeza. Na jambo linalowaumiza wageni: kuongeza LIMIT 10 ili urudishiwe mistari kumi tu hakupunguzi hata senti kwenye jedwali la kawaida, kwa sababu bei ni ya kilichosomwa, siyo kilichoonyeshwa. Kinachopunguza ni kuligawa jedwali kwa tarehe na kutaja tarehe kwenye swali.

Njia ya mkato yenyewe ni faharasa, kama ile ya mwisho wa kitabu: kila neno na orodha ya meseji lilimo. SQLite huijenga kwa nyongeza yake ya FTS5, iliyotoka mwaka 2015; PostgreSQL, hifadhidata nyingine, ina yake. Anayetaka kujizoeza bila kuchungulia meseji za wenzake ana barua pepe za Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyofilisika Desemba 2001. Tume ya nishati ya nchi hiyo iliziweka hadharani wakati wa uchunguzi, na mkusanyo unaotumiwa na watafiti una barua kama nusu milioni kutoka kwa watumishi wapatao 150, wengi wao wakuu. Kwenye mkusanyo huo faharasa hufanya kazi vizuri mno, na hilo ndilo tatizo: barua ni za Kiingereza, na mapishi unayojifunza humo hayapiki chakula chetu.

Kwa Kiingereza, PostgreSQL huja na kamusi inayokata miisho ya maneno, hivyo "pays" na "paying" hurudishwa kwenye "pay". Ina kamusi za namna hiyo kwa lugha nyingi, hadi Kiindonesia, Kinepali na Kitamil. Ya Kiswahili haimo. Unabaki na mpangilio uitwao simple, ambao hulichukua kila neno kama lilivyo. Sasa hesabu kitenzi kimoja. Nafsi sita, nyakati tano (na, li, me, ta, nge), minyambuliko sita (lipa, lipwa, lipia, lipiwa, lipisha, lipika): 6 × 5 × 6 ni 180. Hujaweka yambwa, hujakanusha, hujasema "aliyelipwa" wala "tutakapolipa". Unafika maelfu bila kujikuna. Kwa faharasa, kila moja ya hizo ni neno geni lisilo na undugu na jingine. FTS5 huruhusu kutafuta kwa mwanzo wa neno, "malip*" ikileta malipo, lakini vitenzi vyetu huanza na mtendaji na wakati. Mzizi umejificha katikati.

Basi wengi hurudi kwenye LIKE, au kwenye faharasa ya herufi tatutatu, ambayo FTS5 iliipata Desemba 2020. Hii hulikata andiko katika vipande vya herufi tatu vinavyopandana, ili mzizi upatikane popote ulipo. Bei yake inahesabika. Meseji ya herufi 80 ina maneno kama 12, lakini ina vipande 78. Kwa meseji milioni 14, faharasa ya maneno hubeba maingizo milioni 168. Ya vipande hubeba bilioni 1.09, mara sita na nusu. Kwenye diski bado ni gigabaiti chache, sipigii kelele hilo. Kasoro inayokera ni nyingine: kitu chenye herufi mbili hakitafutiki humo kabisa, na ofisi zetu zimejaa vifupi vya herufi mbili kama PO na LC.

Tuone vyote hivyo vikifanya kazi. Hizi ni meseji sita nilizozitunga kwa mfano wa chaneli ya fedha:

1. Mkuu, yule msambazaji wa karatasi ameshalipwa?
2. Bado. Nilipata invoisi yake jana jioni.
3. Dada, si tulipanga alipwe Ijumaa?
4. Malipo yametoka asubuhi, angalieni benki.
5. Amepiga simu, anasema hela bado haijasoma.
6. Alipofika ofisini alikuta mlango umefungwa.

Mtu atafute '%lipa%'. Anapata ya pili na ya tatu, zote mbili kwa ajali: moja kwa sababu ya "nilipata", nyingine kwa sababu ya "tulipanga". Ya kwanza na ya nne, zinazozungumzia malipo waziwazi, zimempita. Apunguze herufi, atafute '%lip%'. Sasa anapata tano kati ya sita, ikiwamo ya sita yenye mlango uliofungwa, kwa kuwa "alipofika" nayo ina herufi hizo. Kiambishi cha wakati uliopita kikikutana na kitenzi kinachoanza na p, au na po ya wakati, kinazaa "lip" kila mahali. Kwa lugha ya ofisini, ambako nusu ya mazungumzo ni kuelezana nini kilitokea jana, hiyo ni mvua ya masika.

Akiandika '%lipw%' au '%malipo%', anapata ya kwanza, ya tatu na ya nne. Hapo pametulia. Lakini ya tano, ambayo kwa kweli ndiyo habari yenyewe, hakuna mzizi wa lipa utakaoifikia. Aliyeandika alisema hela haijasoma, kama wasemavyo watu. Kuipata inabidi anayeuliza ajue wenzake husemaje: hela, pesa, mkwanja, imeingia, imesoma, invoisi, ankara. Hakuna hifadhidata itakayomletea orodha hiyo. Ataiandika mwenyewe, na kila neno analoongeza huongeza mistari ya kusoma.

Na kusoma ndiko kunakokula pesa. Tuseme "lip" imo katika meseji moja kati ya 20. Kwa milioni 14 hizo ni 700,000. Mtu akitumia sekunde 10 kwa kila moja, asome na kuamua kama inahusika, ni sekunde milioni 7: saa 1,944, siku 243 za kazi za saa nane. Mwaka mzima wa karani mmoja, kwa swali ambalo mashine ilijibu ndani ya sekunde nne.

Faida halisi ya SQL ipo hapo. Kisanduku cha kutafutia hujua maneno, na kwa bahati hujua chaneli na mtumaji. SQL hukuruhusu kupunguza kwa kila kitu ulicho nacho kwenye safuwima, kwa mpigo mmoja:

SELECT wakati, mtumaji, maandishi
FROM ujumbe
WHERE chaneli = 'fedha'
AND wakati >= '2023-03-01' AND wakati < '2023-04-01'
AND (maandishi LIKE '%lipw%' OR maandishi LIKE '%malipo%' OR maandishi LIKE '%haijasoma%')
ORDER BY wakati;

Mwezi mmoja kati ya 84 huacha meseji 166,667. Chaneli ya fedha, tuiwekee asilimia 3 ya mazungumzo yote, huacha 5,000. Maneno yakishika moja kati ya 20, yanabaki 250: dakika 42 za kusoma. Kutoka siku 243 hadi dakika 42, na kazi kubwa haikufanywa na neno, imefanywa na tarehe na chaneli. Neno limepunguza mara 20. Tarehe na chaneli kwa pamoja zimepunguza mara 2,800. Ndiyo maana nikimwona mtu anahangaika na faharasa ya maneno kabla ya kuweka faharasa ya kawaida juu ya chaneli na wakati, namwacha amalize kwanza halafu ndipo namwambia.

Onyo dogo kuhusu wakati. Slack huandika saa kama idadi ya sekunde tangu mwanzo wa 1970, kwa saa za UTC. Afrika Mashariki iko mbele kwa saa tatu. Meseji iliyotumwa kati ya saa sita na saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi, ukiigeuza kuwa tarehe bila kuongeza saa tatu, itahesabiwa ya tarehe 28 Februari. Ni wachache wanaotuma saa hizo, isipokuwa wahasibu wanaofunga mwezi, na hao ndio hasa tunaowatafuta.

Ukubwa wa gharama ya macho si nadharia yangu tu. Mwaka 2012 taasisi ya RAND ya Marekani ilichunguza kesi 57 za kampuni 8 kubwa zilizolazimika kutoa nyaraka za kielektroniki mahakamani. Kila gigabaiti iliyosomwa iligharimu kama dola 18,000, na katika kila dola senti 73 zilikwenda kwenye kusoma, zaidi kwa mawakili. Gigabaiti hiyohiyo kukaa S3 kwa mwaka mzima ni senti 28. Kusoma ni ghali kuliko kutunza mara 47,000 hivi. Kila mstari usiohusika ambao swali lako limeuleta unalipiwa kwa bei ya upande huo wa hesabu.

Halafu kuna meseji ambazo hazikuwahi kuingia kwenye jedwali. Desemba 2021 wadhibiti wa masoko wa Marekani, SEC na CFTC, waliitoza JPMorgan jumla ya dola milioni 200 kwa sababu watumishi wake walizungumza kazi kwenye WhatsApp, meseji na barua pepe binafsi bila benki kutunza kumbukumbu. Septemba 2022 SEC ikatangaza faini za zaidi ya dola bilioni 1.1 kwa kampuni 16 kwa kosa la namna hiyo. Hakuna SELECT inayotafuta ndani ya simu ya mtu.

Kwetu simu ya mtu ndiyo ofisi. Kazi nyingi za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala hupita kwenye magrupu ya WhatsApp, na meseji zikishafika haziachwi kwenye seva za kampuni hiyo. Zipo kwenye simu za wanagrupu. Kinachochekesha ni kwamba ndani ya simu hiyo WhatsApp hutunza meseji kwenye SQLite, ileile. Mlango wa kawaida wa kuzitoa lakini ni kuhamisha gumzo kama faili la maandishi, na kikomo ni meseji 40,000 za mwisho bila picha, au 10,000 pamoja na picha. Grupu la kazi la meseji 300 kwa siku hujaza 40,000 kwa siku 133. Anayetaka historia ya mwaka inabidi ahamishe mara tatu kwa mwaka, kabla hajabadili simu au hajaacha kazi akaondoka nayo.

Faili linalotoka ni gumu kuliko JSON. Hakuna kitambulisho cha meseji. Mtumaji ni jina alivyoandikwa kwenye simu iliyohamisha, hivyo mtu mmoja anaweza kuwa "Boss" kwa mmoja na namba tupu kwa mwingine. Tarehe hufuata mpangilio wa simu: 03/04 ni Aprili kwa mmoja na Machi kwa jirani yake. Meseji ndefu hugawanyika mistari mingi, na programu inayosoma mstari kwa mstari hudhani kila mstari ni meseji mpya. Kusafisha hayo huchukua siku za fundi, na ni gharama ambayo haionekani kwenye bei ya huduma yoyote. Kama nikiulizwa pesa ya ofisi ndogo iwekwe wapi, ningeiweka hapo kabla ya seva.

Kutunza kila kitu milele nako kuna bei yake, ila haipimwi kwa gigabaiti. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019. Faini ya kamishna inaweza kufika shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia ya kampuni, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Tanzania ilipitisha yake 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Katika meseji milioni 14 za kazini zimo taarifa za magonjwa, namba za vitambulisho, mishahara, na mambo ya nyumbani ambayo watu waliandikiana wakidhani yatazama. Faharasa nzuri huyaibua kwa urahisi uleule inaoibua invoisi. Nani ana ruhusa ya kuendesha SELECT ni uamuzi wa kuandikwa kabla faili halijajengwa, na maswali yenyewe yatunzwe kwenye jedwali lake: nani aliuliza, lini, aliuliza nini. Jedwali hilo halitafika hata megabaiti 10.

Ofisi ikiamua kubaki na miaka miwili tu, inafuta milioni 10 na kubakisha milioni 4. DELETE moja inatosha kuiamuru, lakini faili halipungui. SQLite huziacha kurasa zilizokuwa na maneno hayo zikisubiri kutumiwa tena, na maneno yenyewe yanaweza kuwa bado yamo, yakisomeka kwa mwenye kulichimba faili. Faharasa ya FTS5 iliyojengwa pembeni ya jedwali nayo haijui kilichofutwa mpaka iambiwe. VACUUM ndiyo hulijenga faili upya bila kurasa hizo, na wakati inafanya kazi inaweza kuhitaji nafasi tupu hadi mara mbili ya faili la awali. Kwa faili letu, pamoja na faharasa ya vipande, tuseme gigabaiti 8, acheni 16 wazi. Nakala za akiba zilizochukuliwa kabla ya siku hiyo zifutwe kwa mkono, pamoja na ile ambayo fundi aliiweka kwenye kompyuta yake ya nyumbani ili ajaribie maswali.